Kirusi cha Sebuleni

Televisheni ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya meza mbili zilizounganishwa, mgongo wake umefunguliwa skrubu zote, na mtaalamu wa kompyuta alikuwa ameiinamia akiwa na taa kichwani kama mchimba madini. Mama Upya alisimama mlangoni na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa kabla hajaionja. Jina hilo alipewa na vijana wa kituo kwa sababu ya tabia yake moja. Shahidi akishamaliza maelezo, akafuta jasho na kudhani sasa ana ruhusa ya kwenda zake, yeye humwambia: "Vizuri. Sasa anza upya." Mbele yake walimwita Afande. Nyuma yake walimwita Mama Upya, naye alilijua jina hilo na kulipenda kuliko cheo.

"Niambie," alisema.

"Haina."

"Haina nini?"

"Haina virusi, Afande. Haina programu ya ajabu wala kitu kilichopenyezwa. Haina hata uchafu wa kawaida ambao televisheni iliyotumika inapaswa kuwa nao. Ni safi kama sahani ya dukani."

Mama Upya alikiweka kikombe juu ya kabati la faili kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Chai ikamwagika. Hakuifuta.

"Kwani hivi vitu vinaambukizwa kweli?" aliuliza. "Nijibu kama unavyomjibu mama yako. Mkuu wa kituo ameshaanza kuifunika ya kwake shuka akilala."

Mtaalamu alicheka, akaizima taa ya kichwani. "Vinaambukizwa. Hii ni kompyuta, imekosa kibodi tu. Ina ubongo, ina kumbukumbu, na iko mtandaoni mchana kutwa. Ukiiwekea programu ya vichochoroni, au ukaichomeka flashi isiyojulikana ilikotoka, inaweza kuchafuka. Ila si jambo la kila siku. Wengi wanaoniletea televisheni zenye virusi, shida yao ni intaneti mbovu."

"Na hii?"

"Hii ina jicho hapa juu, na sikio pembeni yake. Kuna sehemu ya kuchungulia nyumbani. Unaandikisha namba yako ya simu, basi ukiwa mbali unafungua simu yako na kuiona sebule yako na kusikia kinachosemwa. Wenye watoto wadogo wanaipenda sana. Mimi ningezikuta namba zilizoandikishwa, ningekwambia nani alikuwa anachungulia. Lakini fundi wako ameirudisha kwenye hali ya kiwandani. Kimefutika kila kitu."

"Si fundi wangu," alisema Mama Upya.

"Ndio maana namwambia Afande kila siku," aliingilia konstebo kutoka dirishani, "kirusi kinaweza kuingia, kikafanya kazi yake, kisha mwenyewe akaja kukifuta."

"Virusi," alisema mtaalamu.

"Virusi ni vingi. Kikiwa kimoja ni kirusi." Konstebo alikuwa mwalimu wa lugha kabla ya kuvaa sare, na ualimu ulikataa kumtoka.

"Sisi huku tunasema virusi hata kikiwa kimoja, mwalimu. Hakijawahi kulalamika."

Mama Upya aliwaacha wabishane. Alikuwa amechoka, tena uchovu wa kuudhi, wa mtu anayesukuma mlango unaofunguka kwa kuvutwa. Kesi yenyewe ungeieleza kwa pumzi moja. Mhasibu wa kampuni ya ujenzi alikuwa atoe ushahidi dhidi ya bosi wake kuhusu jengo lililoporomoka na kuua watu. Wakili wake alimtafutia maficho. Maficho hayo yalitajwa kwa mdomo mara moja tu, sebuleni kwa wakili, wakiwa wawili, wakili na mhasibu, mlango umefungwa. Usiku wa kuamkia Jumapili wanaume wakafika kwenye maficho hayo na mapanga. Mhasibu aliruka dirisha la nyuma, akavunjika kifundo cha mkono, akanusurika. Sasa alikuwa mahali pengine anapopajua wakili peke yake. Mama Upya mwenyewe alikataa kuambiwa, kwa kuwa hata kituo hakukiamini.

Ni nini kilichosikia sebuleni? Ukutani kulikuwa na televisheni yenye jicho na sikio. Tena Jumatatu asubuhi, kabla polisi hawajafika, fundi wa mtaani alikuwa ameshaifungua na kuifuta. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo. Alitaka fundi afikishwe mahakamani, faili lifungwe, na yeye alale bila shuka juu ya televisheni. Mama Upya alitaka kumjua aliyekuwa akisikiliza. Asipojulikana, huyo atasikia tena, na safari hii huenda dirisha la nyuma lisiwepo.

Fundi aliletwa kutoka mahabusu akishikilia suruali kwa mkono, maana mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa kucheka ambao siku hizi chache ulikuwa umelegea kama nguo iliyokosa mwili. Alipomwona Mama Upya aliketi mwenyewe, akaanza bila kuulizwa.

"Nianze upya?"

"Anza upya."

"Nilipigiwa simu asubuhi na yule dada wa kazi wa wakili. Akasema televisheni ina shida, njoo. Nikaenda. Nikaitazama, nikaona imeharibika. Nikaifuta kwa kile kitufe cha nyuma. Nikachomeka flashi yangu kuipa programu mpya ya kampuni. Ikawaka vizuri, nikapewa soda, nikaondoka. Saa chache baadaye ninyi mko mlangoni kwangu na pingu."

"Imeharibika vipi?"

"Ina virusi."

"Uliona wapi virusi? Vina sura?"

Fundi alikuna kidevu. "Maandishi yamevurugika, Afande. Ukibonyeza, menyu inakuja, lakini herufi si herufi. Kuna R imegeuka inatazama nyuma. N nayo imepinduka. Nyingine kama kiti, nyingine kama buibui. Mimi kazi hii nimeianza zamani, zikija televisheni zenye migongo mikubwa, sijaona jambo kama lile. Nikasema hapa hapana dawa, hapa ni kufuta tu."

"Hukuuliza ilianzaje?"

"Nimuulize nani? Dada mwenyewe alishaniambia kwenye simu. Alisema, 'Fundi njoo, televisheni imejaa kirusi, sielewi hata neno.' Nami nikaja na flashi. Kosa langu ni lipi hapo? Kuwahi?"

Mama Upya alikuwa ameshanyanyuka nusu, tayari kugonga mlango ili arudishwe ndani. Alikaa tena.

"Alisemaje?"

"Imejaa kirusi."

"Hakusema virusi?"

"Kirusi. Mimi nikajua ndio huyo huyo mdudu."

Konstebo, aliyekuwa akiandika pembeni, aliinua kichwa. "Hiyo si sawa," alisema kwa upole wa kusahihisha daftari. "Kikiwa kimoja hakijai. Angesema imejaa virusi."

"Nyamaza," alisema Mama Upya. Kisha akasema, "Hapana, usinyamaze. Wewe ndiye uliyechukua maelezo ya huyu dada. Kwako alisemaje?"

"Vivyo hivyo. Kirusi. Nikafurahi hata, maana siku hizi hakuna anayejua umoja wake." Konstebo aliacha kuandika. "Niliona ni binti aliyesoma vizuri."

Mama Upya alihesabu kwa vidole. Mkuu wa kituo alisema virusi, mtaalamu alisema virusi, fundi alisema virusi, hata wakili na shahada zake alisema virusi. Mji mzima, ukimwacha konstebo mwenyewe, mtu mmoja tu alilisema neno hilo kwa ufasaha wa kamusi, na konstebo wake alikuwa amempa alama badala ya kumuuliza. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Ingemwangukia konstebo yote, kama yeye mwenyewe asingekuwa amelisikia neno hilo hilo likisomwa kwenye kikao cha asubuhi na kulipitisha.

"Washa gari," alisema.

"Na mimi?" aliuliza fundi.

"Wewe kaa. Mrudishieni mkanda wake."

Dada wa kazi alikuwa amepewa mapumziko na wakili tangu televisheni ichukuliwe. Walimkuta kwa shangazi yake, kwenye chumba cha ushonaji kilichotazama barabara, cherehani mbili zikipiga kelele na vipande vya kitambaa cha sare za shule vimetapakaa sakafuni. Alikuwa akipiga pasi kola. Alipoona sare ya konstebo akaiweka pasi wima na kukunja uso.

"Nilishasema yote," alisema. "Yeye huyu aliniuliza, nikamjibu."

"Najua," alisema Mama Upya. Alivuta stuli, akaketi bila kukaribishwa. Shangazi mtu alizima cherehani yake ili asikie vizuri. "Umejibu, nasi hatukusikia. Sasa naomba uanze upya. Televisheni ilikuwa na nini?"

"Kirusi."

"Kirusi gani?"

Binti alimkodolea macho kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Kirusi. Lugha. Wanayosema Warusi. Kwani kuna Kirusi kingine?"

Cherehani ya pili nayo ikazimwa.

"Ulijuaje ni Kirusi?" aliuliza Mama Upya.

"Si mimi. Mimi asubuhi niliwasha niangalie katuni na mtoto wa jirani, nikaona maandishi siyajui. Nikambeba mtoto kwenda kumrudisha, nikamwambia baba yake. Yeye ni daktari, alisomea huko huko kwa Warusi. Akaja kuchungulia, akacheka, akasema, 'Hiki ni Kirusi, hapa pameandikwa karibu.' Akataka kuirudisha kwenye Kiswahili lakini akaitwa hospitali. Ndipo nikampigia fundi. Nikamwambia fundi, nikamwambia na huyu." Alimwonyesha konstebo kwa kidevu. "Wote wakatingisha vichwa kama wameelewa."

"Na sisi wote ni mabingwa wa kuelewa," alisema Mama Upya.

Alitoa simu, akampigia mtaalamu pale pale, mbele ya shangazi na mshonaji wake. Hakuwa na subira ya kutoka nje.

"Televisheni inaweza kubadili lugha yenyewe?"

"Ijisikie tu kubadili? Hapana."

"Virusi vinaweza kuibadili?"

"Mtu atengeneze virusi vya kusikiliza sebule ya watu kimya kimya, halafu ajitangaze kwa kubadili maandishi? Atakuwa mwizi wa kwanza kupiga hodi."

"Basi lugha inabadilikaje?"

"Mtu aingie kwenye menyu abadili. Au aifute. Ukiirudisha kwenye hali ya kiwandani, inawaka kama mpya, na swali la kwanza inalokuuliza ni lugha. Inakupa orodha ndefu, unateremka mpaka ya kwako." Mtaalamu alishusha sauti. "Afande. Fundi aliikuta tayari iko kwenye lugha nyingine?"

"Kirusi."

"Kwa hiyo alifuta kilichokwisha kufutwa."

"Ndiyo," alisema Mama Upya, akakata simu.

Walikuwa wamemfungia mtu kwa kusafisha chumba kilichokwisha kusafishwa. Na aliyesafisha mwanzo alikuwa ameshika rimoti, ndani ya nyumba, akiwa na namba yake ya kuificha. Hakuwa na haja ya virusi. Alichohitaji ni kukaa sebuleni dakika chache bila mtu wa kumuuliza anafanya nini.

"Jioni ya Jumapili uliiwasha?" alimuuliza binti.

"Mchana niliiwasha, ilikuwa vizuri. Jioni sikuiwasha. Mama wakili alikuwa hospitali na yule mhasibu aliyevunjika mkono, mimi nilikuwa uani nafua."

"Nani mwingine alikuwa nyumbani?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu aliyeingia?"

"Huyu aliniuliza kama aliingia mgeni yeyote. Nikamwambia hakuingia mgeni." Alichukua kola nyingine, akainyoosha kwa viganja. "Alikuja Shemeji tu."

Aliyeitwa Shemeji na nyumba nzima, mpaka na dada wa kazi, alikuwa mdogo wa marehemu mume wa wakili. Alikuwa na chumba pale tangu enzi za kaka yake. Yeye ndiye aliyeinunua ile televisheni, yeye ndiye aliyeifunga ukutani. Na yeye ndiye aliyewaambia polisi jana, aliporudi, kwa sauti ya masikitiko na kwa kirefu, kwamba siku hizi mashine zinaingiliwa na wahuni, kwamba alikuwa safarini mji wa mbali wiki nzima, na kwamba laiti angekuwepo.

"Shemeji alikuja Jumapili?"

"Alipita. Alisema amesahau chaja, anarudi huko huko safarini. Akaniambia nisimsumbue mama kwa kumwambia, mama ana mambo mengi."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mliuliza mgeni," alisema binti, na sasa machozi yalikuwa karibu. "Shemeji ni mgeni? Ana funguo zake. Ana kandambili zake mlangoni."

"Alikaa sebuleni?"

"Alikaa. Nilimsikia anagombana na rimoti. Ile rimoti kitufe chake cha kuteremka kinanata, ukikibonyeza mara moja kinakimbia chini chenyewe. Mimi na mama tumeshaizoea, tunakigusa kwa ukucha. Shemeji hana subira hiyo, yeye anabonyeza kama anaua kunguni. Nikamsikia anatukana, halafu akazima, akaondoka."

Konstebo aliinama, akaokota kipande cha kitambaa sakafuni na kukikunja mara nyingi bila sababu. "Kilimkimbilia mpaka kwenye Kirusi," alisema taratibu. "Akabonyeza kukubali. Halafu kila kitu kikaandikwa kwa lugha asiyoweza kuisoma, hakuweza kurudi."

"Na kwa nini arudi?" alisema Mama Upya. "Namba yake ilishafutika. Alichokitaka alikipata."

Alisimama. Alipaswa kufurahi, lakini alikuwa amepoteza siku kadhaa akiwinda mdudu ndani ya chuma, wakati mtu mwenyewe alimpa mkono, akamletea kiti, na kumuuliza kama anatumia sukari. Alitoka hadi ukingoni mwa barabara, akaziba sikio moja kwa kidole na kumpigia wakili.

Wakili alipokea mara moja. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Mama Upya hakuwahi kumsikia akiongea hivyo tangu kesi ianze, na wepesi huo ndio uliomtisha kabla hata hajauliza.

"Shemeji wako yuko hapo?"

"Si amerudi jana, ulimwona. Hayupo sasa hivi, nimemtuma."

"Wapi?"

"Kwa mgonjwa wetu. Plasta inambana, hakulala kwa maumivu, anahitaji dawa. Mimi niko mahakamani mpaka jioni."

"Umemwambia aliko?"

"Ningemtumaje bila kumwambia?" Wakili alicheka kidogo, akaacha. "Afande, nimekaa siku zote hizi naogopa hata kukohoa ndani ya nyumba yangu. Sasa televisheni mnayo ninyi, fundi mnaye ninyi. Jana jioni tumekaa sebuleni tukazungumza kama watu. Kuna nini?"

"Ametoka lini?"

"Asubuhi, nilipokuwa naingia mahakamani. Kuna nini?"

Mama Upya alimpungia konstebo mkono, naye akakimbilia gari. "Nitajie mahali."

"Kwenye simu? Si wewe uliyenikataza nisi..."

"Taja."

Wakili alitaja. Palikuwa upande wa pili kabisa wa mji, ng'ambo ya reli, na saa hiyo barabara zilikuwa zimejaa. Mama Upya alirudia jina la mtaa kwa sauti ili konstebo alisikie kupitia dirisha la gari, na alipoona uso wa konstebo akajua umbali wake bila kuambiwa.

"Nisikilize," alisema. "Kata simu hii, mpigie mhasibu. Mwambie atoke hapo sasa hivi, asichukue kitu. Akimwona shemeji wako asimfungulie, aende palipo na watu wengi. Mpigie sasa."

Mlango wa ukumbi wa mahakama ulifunguka huko, ukafungwa.

"Hana simu," alisema wakili. Ule wepesi ulikuwa umemtoka wote. "Uliichukua wewe. Ulisema zinafuatiliwa."

Ilikuwa kweli. Aliichukua kwa mkono wake, akaizima mbele yao wote wawili, na mhasibu alimshukuru. Ilikuwa kituoni, kwenye droo ya meza yake, imefungwa kwa ufunguo.